Muhuri wa Lusangi

Karatasi ilikuwa safi mno. Hilo ndilo lililomkera Inspekta Célestine Feza tangu mwanzo, asubuhi ile ya Jumatatu, ndani ya biro ya watoto, ofisi ya serikali pale Kasongo. Karatasi inayotoka Lusangi hufika imekunjwa mara nne, imelala mfukoni mwa shati siku nzima juu ya moto, ile pikipiki ya kukodi, imekula vumbi na jasho. Hata ukiitoa kopi, ile mikunjo inaonekana. Hii haikuwa na mkunjo hata mmoja.

Mbele yake alikaa Waridi binti Souleymane, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenyeji wa Lusangi, mikono imetulia juu ya magoti. Alikuwa mama wa mtoto anayetajwa ndani ya karatasi ile.

"Soma, mama inspekta," alisema. "Miye sikusoma. Waliniambia tu niko ndani."

Célestine akasoma kwa sauti. "'Mtoto Asma, miaka mitatu. Baba: amefariki. Mama: amefariki. Imefanyika Lusangi, tarehe kumi na mbili mwezi wa tano.' Halafu saini ya Clovis, wakala wa shirika la Mwavuli wa Watoto, na muhuri wa shefu wa Lusangi."

"Mama amefariki," Waridi akarudia. "Si unaniona?"

"Ninakuona."

"Basi andika."

Célestine hakuandika. Serikali haiandiki kile inachokiona. Inaandika kile kilichopigwa muhuri, na muhuri ulikuwa umekwisha kusema kwamba Waridi ni marehemu.

"Kwanza nieleze tena," alisema. "Polepole."

Waridi akaeleza. Miaka mitatu nyuma, mwezi wa nne, watu wenye silaha waliingia Lusangi siku ya soko. Yeye alikuwa shambani. Mtoto wake Asma alikuwa kwa jirani, Julienne. Julienne akamfunga mtoto kwa kitenge kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akakimbilia Kasongo. Waridi akasukumwa na wimbi la watu upande mwingine, akavuka mto Luama, akaangukia kule Kalemie, ugonjwa na barabara zilizofungwa vikamshika huko.

"Nilirudi sasa miezi mbili. Nikakuta nyumbani wamenililia. Matanga imekwisha zamani, hata arobaini wameisoma. Baba ya Asma alikufa kwenye shimo ya dhahabu mbele mutoto azaliwe, ile ni kweli. Lakini miye niko. Na Julienne aliniambia: mutoto nilimupatia shirika, nikawaambia jina yako na kijiji yako."

Mwavuli wa Watoto walimweka Asma katika jamaa ya kupokea, kwa mwalimu mmoja aitwaye Gaston na mkewe Emmanuella. Sasa wale wawili wameomba tribunali, mahakama ya mji, iwape mtoto kabisa, awe wao. Zuzi, hakimu wake, angetoa hukumu Ijumaa. Jumamosi wangepanda gari kwenda Lubumbashi, ambako Gaston amepata shule mpya. Jumatatu hadi Ijumaa: hizo ndizo siku za Waridi. Baada ya hapo angekuwa maiti mwenye miguu, anayebisha mlango wa nyumba iliyohamwa.

Célestine aligeuza kopi. Nyuma ilikuwa nyeupe, maana waliompa Waridi kopi walitoa upande wa mbele tu. Sheria ya biro ni moja: karatasi ya kutafuta jamaa haipokelewi na tribunali bila visa, saini ya uthibitisho, ya inspekta nyuma yake, na visa haitolewi mpaka inspekta afike kijijini mwenyewe. Kwa hiyo kuna mtu alitia saini kwamba alifika. Mwaka ule biro ilikuwa ya mzee Kabwe, mtu wa mwandiko mzuri na magoti mabovu, ambaye alistaafu mwezi huohuo wa tano na Célestine akakalia kiti chake. Kabwe alichukia moto kuliko alivyochukia malaria.

"Kabwe," Célestine alisema peke yake, akaliandika jina pembeni mwa daftari.

"Ni nani?" Waridi akauliza.

"Mutu atakayejibu."

*

Clovis alimpokea kwenye ofisi ya Mwavuli wa Watoto, nyuma ya soko. Alikuwa mwanaume nadhifu, shati limepigwa pasi hadi kwenye kola, na alikuwa na tabia ya kupanga kalamu zake kwa urefu wakati anaongea.

"Karatasi hii uliiandika wewe?"

"Ni yangu, inspekta."

"Ulifika?"

"Nilimuona shefu wa Lusangi kwa macho yangu. Kashe yake, muhuri ule, si ile pale chini?"

"Ulienda na nini?"

"Na moto. Papa Chadrack alinipeleka, ule motari wa ndevu nyeupe. Mumuulize."

"Karatasi haina mikunjo."

Clovis akacheka kidogo. "Ninatembeaka na farde, inspekta." Akainua jalada gumu la plastiki, akalipiga kofi. "Siye si watu wa kukunja."

Jibu zuri. Célestine akalikubali nusu. "Nani alikuambia mama amekufa?"

"Shefu mwenyewe."

"Na jamaa wengine? Wajomba, shangazi, nyanya?"

"Formilere inauliza baba na mama. Nilijaza yote inayoulizwa."

"Na nani aliweka visa?"

Kalamu zikasimama. Clovis akamtazama, akaangusha moja, akaiokota. "Miye ninaletaka, inspekta. Biro yenu inaweka."

Célestine aliona ile hofu na akaifurahia. "Mwambie mkubwa wako ajitayarishe," alisema akisimama. "Nikirudi na jambo, sitaita wakala peke yake. Aliyeweka visa bila kufika, naye nitamuweka kwenye orodha. Hata kama ni muzee."

"Sawa, inspekta," Clovis alisema, taratibu mno.

*

Kwa Gaston alifika saa kumi. Alitegemea kukuta watu wenye la kuficha. Jamaa inayotaka mtoto kwa nguvu inaweza kumsukuma wakala afunge dosiye, jalada la mtoto, haraka, na Lubumbashi ni mbali vya kutosha kuficha mengi. Alimkuta Emmanuella mlangoni anafupisha sketi ya buluu ya shule kwa sindano ya mkono. Gaston alikuwa bado shuleni. Mtoto alikuwa uani na wenzake wawili, wanaruka kamba, anahesabu kwa Kifaransa na kukosea kila akifika kumi na sita.

"Esther-Divine!" Emmanuella aliita. "Usiumize mguu!"

"Jina lake ni Asma," Célestine alisema.

"Najua. Tulimubatiza." Sindano ikasimama. "Mulisema hana mutu."

"Nani alisema?"

"Ninyi. Karatasi iko na kashe. Siye tulikuwa na miaka tisa ya kungoja mutoto, inspekta. Tulifika kwa Mwavuli, tukauliza mara tatu: hana mutu? Kweli hana mutu? Gaston akasema, tusichukue mutoto ya watu. Wakatuonyesha kashe." Alikuwa ameanza kulia bila sauti, na hakujishughulisha kufuta. "Leo wanasema mama yake anazunguka Kasongo. Kama ile mama iko muzima, miye ni nani?"

Célestine aliliacha swali lile. Akauliza lake: "Mlimshawishi Clovis afunge dosiye?"

"Clovis? Dosiye ilikuwa imefungwa tayari wakati tunafika." Emmanuella akakata uzi kwa meno. "Uende Lusangi mwenyewe. Usitume mutu. Waliotumwa ndio wametufikisha hapa."

Mwanamke mwenye hatia hakutumi ukachimbe. Célestine akafuta jina la Gaston na la Emmanuella kwenye daftari.

*

Jumanne alfajiri alimkodi Chadrack. Hakumuuliza lolote. Mtu ukimuuliza anajitayarisha, ukimpakia mzigo anafanya kazi yake. Chadrack alikuwa mtu mzima, msimamizi wa kwaya, na aliimba sauti ya tatu ya zaburi njia nzima, akikatisha tu kulaani mashimo. Wakavuka madaraja ya miti, wakashuka mara mbili kusukuma kwenye tope. Saa saba hivi, penye njia panda isiyo na kibao, Chadrack akazima moto.

Mwanamke alikuwa anapita na kikapu cha mihogo mgongoni.

"Mama, samahani," Chadrack akamwita. "Lusangi ni ya kuume ama ya kushoto?"

Mwanamke akaonyesha kwa kidevu, akapita zake. Célestine akatoa kofia ya moto kichwani.

"Papa Chadrack. Hii njia hamuijue?"

"Mpaka hapa ninaijua. Lusangi ni mara yangu ya kwanza."

"Clovis anasema mulimupeleka."

"Clovis wa Mwavuli?" Chadrack akawaza, akakuna ndevu. "Ah! Nilimupeleka kwa *shefu* wa Lusangi. Ile mwaka ya makimbizi. Shefu alikuwa amekimbilia kwa binti yake, Pascaline, pale Kasongo, nyuma ya msikiti. Dakika kumi na moto. Nilimungojea hata sikumaliza muhindi wangu wa kuchoma."

"Dakika kumi."

"Kumi na mbili, kama kuna mbuzi njiani."

Célestine akaandika: *njia panda, Chadrack, mahindi*. Nilimuona shefu wa Lusangi kwa macho yangu. Kwa maneno yake hayo Clovis hakusema uongo hata neno moja, mwanaharamu yule.

*

Pale Lusangi, Mama Binti, mama mzazi wa Waridi, alikuwa anaanika mpunga mbele ya nyumba. Alimtazama inspekta kuanzia viatu.

"Ni weye? Nilifikiri watatuma mwanaume munene."

"Wanene wanaogopa moto, mama."

"Ha!" Mama Binti akacheka, akampa kigoda. "Kaa. Uliza."

"Mwaka ule wa makimbizi, mwezi wa tano, mulikuwa hapa?"

"Nani? Hata mbuzi hazikuwa hapa. Siye tulikuwa Kabambare. Tulirudi mwezi wa saba, tukakuta nyasi imeingia ndani ya nyumba. Uliza kila mulango."

Célestine aliuliza kila mlango, maana hiyo ndiyo kazi. Nyumba kumi na nne, jibu moja. Nyumba ya shefu ilikuwa na mabati mapya upande mmoja. Ule mwingine ulikuwa bado mweusi kwa moshi. Mwezi wa tano wa mwaka ule hapakuwa na shefu, hapakuwa na meza ya kuandikia, hapakuwa na Lusangi.

Akarudi kwa Mama Binti. "Shirika lilifika hapa kuuliza habari ya Asma? Baadaye? Mara moja tu?"

"Hakuna mutu. Miaka mitatu mulango wangu iko palepale." Mwanamke akaacha kugeuza mpunga. "Waridi tulimulilia, maana watu walisema wamemuona ndani ya Luama. Lakini mutoto sikumulilia. Nani aliona maiti yake? Hakuna. Wakaniambia, lia yote pamoja, upumuzike. Nikakataa. Nilimuweka upande."

Akaingia ndani, akatoka na gauni dogo la njano, limefuliwa, limekunjwa.

"Kila masika ninaipiga sabuni. Panya wasile. Haimuenee tena, eh?"

"Hapana, mama. Amerefuka."

Mama Binti akakaa chini palepale juu ya mkeka, kwenye mpunga, na gauni mapajani. "Umemuona," alisema. "Basi umemuona."

Célestine akaokota punje za mpunga zilizotawanyika. Kisha akauliza shefu yuko wapi.

*

Shefu Musafiri alikuwa Kabambare, kwenye mkutano wa mashefu katika uwanja wa teritware, ofisi ya wilaya. Walimpata Jumatano adhuhuri, amekaa pembeni anakula ndizi, mzee mfupi mwenye koti kubwa. Kando yake kulikuwa na kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa kitambaa.

Célestine akampa kopi. "Papa shefu, muhuri huu ni wenu?"

Mzee akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. "Ni wangu. Saini ni yangu."

"Imeandikwa 'Imefanyika Lusangi'. Mulikuwa Lusangi?"

"Nilikuwa Kasongo, kwa Pascaline."

Alisema hivyo kama mtu anayeulizwa jina lake. Célestine alikuwa amejitayarisha kwa mabishano ya saa mbili, ikabidi ayameze.

"Basi karatasi ni ya uongo."

"Uongo?" Shefu Musafiri akaweka ndizi chini. Akafungua kitambaa, akafungua kopo, akatoa muhuri uliozungushiwa kipande cha flaneli. "Mwanangu, ile siku nilikimbia nikaacha kitanda, nikaacha kuku, nikaacha mabati. Hii sikuacha. Baba yangu alikimbia na yake wakati wa vita yake. Kashe iko wapi, Lusangi iko pale. Kama ningesema niko Kasongo, ningekuwa nani? Mukimbizi. Mukimbizi hapige kashe. Watu wangu mia tatu walikuwa pale nyuma ya msikiti wanataka karatasi za watoto, za mashamba, za ndoa. Zote niliandika Lusangi. Zote ni kweli."

"Na hii ya Asma?"

"Ngoja."

Ndani ya kopo, chini kabisa, mlikuwa na daftari la shule, limeloa na kukauka mara nyingi. Mzee alifungua kurasa kwa kidole chenye mate. Kila muhuri alioupiga maishani aliuandikia mstari: siku, mtu, jambo, nyumba ya nani. Alikuwa amefundishwa na baba yake kwamba shefu asiyekumbuka muhuri wake atafungwa kwa muhuri wake.

"Hii hapa. Tarehe kumi na mbili. Clovis. Kwa Pascaline, barazani. Mutoto wa Waridi." Kidole kikateremka. "Na hii niliandika chini: *nyanya iko muzima, Kabambare*."

Célestine akainama kuangalia. Ilikuwapo, kwa wino uleule.

"Mulimwambia Clovis?"

"Nilimwambia mara mbili. Mama amekufa, matanga imeliliwa Kabambare, habari ilinifikia. Mutu akishaliliwa, shefu hawezi kuandika kwamba ni muzima. Lakini nyanya iko, nikamwambia, Mama Binti, mwanamuke wa nguvu, iko Kabambare, mupelekeeni mutoto. Akatazama karatasi yake. Akasema: papa shefu, hapa hakuna mustari ya nyanya. Akasema shirika litamutafuta kisha."

"Na ninyi mukanyamaza miaka mitatu? Mama Binti ni jirani yenu, papa shefu!"

Mzee akauchukua muhuri. Akaanza kuuzungushia muhuri flaneli yake, akakosea, akaanza upya.

"Niliporudi sikuona mutoto," alisema mwishowe. "Nikasema, wakubwa wa Kasongo wanajua kwa nini. Karatasi ilikuwa na nguvu kuliko mimi. Na Mama Binti angeniuliza: ulimuona mjukuu wangu ukamuacha? Nilikuwa ninapita njia ya nyuma."

Célestine alichukua picha za ukurasa ule kwa simu, mara tatu, akamwombea mzee saini juu ya maelezo yake. Shefu Musafiri alitia saini, akakataa kupiga muhuri.

"Leo niko Kabambare," alisema. "Nimejifunza."

*

Alhamisi waliondoka kabla ya adhana na kufika Kasongo saa nane. Célestine hakupita nyumbani kunawa. Alitaka kuwahi tribunali kabla haijafungwa, na njia nzima, wakati Chadrack anaimba, alikuwa amekwisha kuandika kichwani proseverbali yake, ripoti ya uchunguzi: Clovis hakufika. Shefu alisema nyanya yuko. Jamaa ilifichwa kwa sababu formilere haikuwa na mstari wake. Na mzee Kabwe aliweka visa nyuma ya uongo huo akiwa amekaa kwenye kiti. Kuhusu Kabwe alikuwa ametunga sentensi ndefu kuliko zote.

Waridi alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, kama alivyokaa siku zote nne. Célestine akamshika mkono, akaingia naye.

Grefye, karani wa tribunali, Placide, alikuwa mtu wa makini, karibu na kustaafu, na miwani iliyofungwa kwa uzi. Akasikiliza. Akaangalia picha za daftari la shefu.

"Hii ni nzito," alisema. "Ukiweka proseverbali leo, zuzi hatoi hukumu kesho. Lakini nitahitaji karatasi yenyewe, ile orijinali, tuziunganishe. Kopi yako haina mgongo."

"Iko kwenu?"

"Tangu mwaka ule."

Akaenda kabatini, akarudi na dosiye ya njano, akatoa karatasi safi isiyokuwa na mikunjo, akaiweka mezani. Célestine akaigeuza mwenyewe.

*Imeonwa na kuthibitishwa, baada ya kufika mahali.* Muhuri wa biro ya watoto. Tarehe kumi na sita mwezi wa tano. Na saini.

Haikuwa ya Kabwe. Herufi ya kwanza ilikuwa C kubwa yenye mkia, na mkia ulizunguka ukapita chini ya jina lote. Célestine alijifunza kuifanya ile C akiwa darasa la tano.

Tarehe kumi na sita. Siku yake ya tatu kazini. Kabwe alikuwa amemwachia rundo, karatasi ishirini na kitu, na mtu amesimama mlangoni na jalada la plastiki, mpole, anasema inspekta, ni visa tu, watoto wanangoja. Alizisaini zote akiwa amesimama. Alikumbuka hata kwamba kalamu ilikuwa ya yule mtu.

Placide alikuwa amevua miwani, anaifuta. Alikuwa ameiona. Mtu wa kabati lile huona kila kitu.

"Inspekta," alisema kwa sauti ya chini, "zuzi anataka kujua kama mama ni mzima na kama jamaa ilitafutwa. Upande wa mbele unatosha kwa hilo. Naweza kuunganisha kopi yako. Mgongo ukabaki kabatini. Miaka mitatu haukuulizwa na mtu."

Waridi aliwatazama wawili wale, mmoja baada ya mwingine. Alijua tu kwamba sauti imeshuka, na kwake sauti za ofisi zikishuka ni yeye anayezikwa.

"Kuna nini?" aliuliza. "Imeharibika?"

Mkuki kwa nguruwe ni mtamu. Célestine alikuwa ameubeba mkuki ule tangu Jumatatu, kutoka Kasongo mpaka Kabambare na kurudi, na alikuwa ameunoa vizuri.

"Nipe karatasi nyeupe, papa Placide," alisema. "Na unganisha yote. Mbele na nyuma."

"Utapoteza kiti."

"Unganisha."

Aliandika kwa nusu saa bila kuinua kichwa. Alipofika kwenye orodha aliandika haraka zaidi, kisha akaweka kalamu chini. Proseverbali inasomewa mlalamikaji kabla hajaweka kidole. Akavuta kiti chake kikaelekea kwa Waridi, akasoma kutoka juu: matanga, barazani kwa Pascaline, mstari wa nyanya, gauni la njano. Waridi aliitikia kwa kichwa kila mahali palipokuwa sawa.

"'Watu wanaopaswa kujibu,'" Célestine akasoma. "'Wa kwanza: Clovis, wakala wa Mwavuli wa Watoto, aliyeandika Lusangi na hakufika Lusangi, na aliyeambiwa habari ya nyanya akainyamazia. Wa pili: Célestine Feza, inspekta wa biro ya watoto, aliyethibitisha kwamba alifika Lusangi na hakufika. Wa tatu: Musafiri, shefu, aliyejua nyanya ni mzima na hakumwambia.'"

Nje Chadrack alikuwa anamwagia moto wake maji.

"Ile ya pili," Waridi alisema. "Soma tena."

Célestine akasoma tena.

"Célestine Feza ni nani?"

"Ni mimi."

Waridi alimtazama kama Mama Binti alivyomtazama, kuanzia viatu, na viatu vilikuwa bado na tope la Lusangi. Hakusema amesamehe. Alivuta kisahani cha wino, akachovya dole gumba, akalibandika chini ya karatasi na kulikandamiza kwa uzito wa mkono mzima, mpaka Placide akaogopa itachanika.

"Kesho nitamuona?" aliuliza.

"Kesho, hapahapa, saa tatu," Placide akajibu. "Na wale waliomulea watakuwepo. Zuzi atawasikiliza wote. Mutoto hatoki Kasongo."

"Wawepo. Walimulisha." Kisha akamgeukia Célestine, dole bado jeusi. "Sasa andika. Ile niliyokuambia siku ya kwanza."

Célestine akachukua kalamu. Kwenye dosiye ya njano, mahali palipoandikwa *Mama: amefariki*, akapiga mstari mmoja, akaandika juu yake kwa mkono wake: *Yuko hai. Nimemwona.* Akaweka saini, na ile C yenye mkia.